Toba na Kutengeneza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka mingi katika ushirika wetu wa jioni hapa mkoani Kagera, ambako Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Wakristo wa Afrika Mashariki, uliingia kutoka Uganda na Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1930 na haujatoka hadi leo. Mengine huulizwa na watu waliookoka juzi, mengine na wazee waliokaa kanisani miaka arobaini. Majibu yanafuata Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu, na yanarudia mara kwa mara neno ambalo wazee waliotutangulia hawakuchoka kulitamka: kutengeneza, yaani kurudisha ulichochukua na kutafuta amani na uliyemkosea.

Toba ni nini hasa?

Neno toba limetufikia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kurudi, na maana hiyo inakaa vizuri pamoja na neno la Kiebrania *shuv*, ambalo manabii walilitumia walipowaita Israeli wageuke na kurudi kwa Bwana. Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, linasema *metanoia*, yaani kubadilika kwa nia. Mwana mpotevu aliyekuwa akichunga nguruwe ugenini alisema, "Nitaondoka, nitakwenda kwa baba yangu" (Luka 15:18), na ndipo akaongeza maneno ya kukiri kosa lake. Angalia mpangilio huo: alianza na miguu, kinywa kikafuata.

Watu huchanganya kujuta, kuungama na kutubu. Anayejuta anaumia moyoni kwa alilotenda. Anayeungama analitaja kosa kwa jina lake halisi, asiseme "niliteleza" wakati aliiba. Anayetubu analiacha kosa na kurudi kwa Mungu. Mithali 28:13 inayaunganisha: "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, Bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Wengi wetu tunaungama vizuri sana. Tunashindwa kwenye kuziacha.

Nililia sana kwenye mkutano wa injili na kuongozwa sala ya toba. Je, hiyo haitoshi?

Machozi ni zawadi, na hakuna anayepaswa kuyadharau, kwa maana Zaburi 51:17 inasema kwamba moyo uliovunjika na kupondeka Mungu hataudharau. Hata hivyo, usiku ule Yesu alipokamatwa walikuwapo wanafunzi wawili waliomwangusha Bwana wao, na wote wawili waliumia. Petro alitoka nje akalia kwa majonzi. Yuda naye, kwa mujibu wa Mathayo 27, alijuta, akakiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, na akavirudisha vipande thelathini vya fedha. Nimelisoma fungu hilo mara nyingi, na kila mara linanitetemesha, kwa sababu Yuda alitimiza karibu kila kitu tunachowadai watu kanisani: majuto, maungamo, hata kurudisha mali. Asichofanya ni kurudi kwa Yesu. Aliyapeleka maungamo yake kwa makuhani, ambao hawakumjali, kisha akaenda zake akajinyonga. Petro, siku alipoambiwa kwamba aliyesimama ufuoni ni Bwana, alijitupa baharini kumfuata, akakaa karibu na moto wa makaa huku akiulizwa mara tatu kama anampenda (Yohana 21).

Paulo anaitofautisha mioyo hiyo miwili anapoandika kwamba "huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu lisilo na majuto, bali huzuni ya dunia hufanya mauti" (2 Wakorintho 7:10). Kwa hiyo, ndugu uliyelia mkutanoni, tunakuuliza kwa upendo: ulilia ukielekea kwa nani, na kesho yake asubuhi ulikwenda wapi?

Kwa nini mnasisitiza kutengeneza? Je, damu ya Yesu haitoshi?

Damu ya Yesu inatosha kabisa, na mtu asidhani kwamba ananunua msamaha kwa kurudisha mbuzi. Lakini damu hiyo inayoniondolea hatia haimfanyi mbuzi wa jirani kuwa wangu. Kama bado amefungwa zizini kwangu ninapoomba, basi nimeomba msamaha wa wizi huku ninaendelea kuiba.

Habari ya Zakayo katika Luka 19 inayaweka mambo haya mahali pake. Yesu ndiye aliyetangulia kumwita kwa jina kutoka juu ya mkuyu na kujialika nyumbani kwake, kabla Zakayo hajatoa hata senti moja. Neema ilipoingia nyumbani ndipo mtoza ushuru aliposimama na kusema, "nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Aliijua Torati. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, alipe kamili na kuongeza sehemu ya tano, na Kutoka 22:1 inamtaka aliyeiba kondoo na kumchinja au kumwuza alipe kondoo wanne. Zakayo hakuchagua kiwango cha mtu anayekiri kwa hiari, bali kiwango cha mwizi aliyekamatwa. Alijihukumu mwenyewe mbele ya Bwana aliyekuwa amekwisha kumkubali.

Hivi ndivyo wazee wetu wa Uamsho walivyoielewa Injili. Mwaka 1929 jijini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana wote wawili wakiwa wamekaukiwa rohoni, wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Katika miaka iliyofuata moto uliwaka Gahini, ukafika Kabale mwaka 1935, kisha ukavuka hadi Kenya, Burundi na Tanganyika. Waliokuwapo walisimulia habari za maombi ya usiku na nyimbo, lakini majirani wasioamini walishangazwa na jambo jingine: watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ambayo mwenye kudai alikwisha kuyasahau, na wamisionari na Waafrika waliombana radhi kwa dharau na chuki walizokuwa wamefichiana. Injili iliaminika kijijini kwa sababu ilikuja na jembe lililopotea.

Niungame kwa nani? Kwa Mungu peke yake, kwa mchungaji, au mbele ya kanisa zima?

Kila dhambi huungamwa kwa Mungu, kwa kuwa imetendwa mbele zake hata pale ilipomwumiza mwanadamu. Aliyeumizwa naye anastahili kuambiwa, na Mathayo 5:23-24 inaamuru tuiache sadaka mbele ya madhabahu tukapatane kwanza na ndugu. Zaidi ya hapo, Yakobo 5:16 inasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Ndugu zetu Wakatoliki hulitimiza hili kwa padre katika sakramenti ya kitubio, na hata malipizi wanayopewa yanawakumbusha kwamba kosa limeacha kidonda kinachohitaji kutunzwa. Sisi tuliolelewa katika ushirika hulitimiza kwa kukaa na ndugu mmoja au wawili walio imara na wanaojua kunyamaza.

Kanuni tuliyopokea ni kwamba ungamo lifike pale kosa lilipofika, lisipite hapo. Uliyemtukana mtu sokoni mbele ya watu, umwombe radhi mbele ya watu. Uliyewaza mabaya juu ya mtu asiyejua lolote, usimpelekee mzigo wa mawazo yako. Dhambi za zinaa zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ninakiri kwamba nimeshuhudia ushuhuda uliobomoa ndoa ya mtu asiyehusika, kwa sababu msemaji alitaja jina la mwenzake mbele ya kusanyiko zima, kisha akakaa chini akiwa na amani huku mwanamke yule akitoka nje na shuka limemfunika uso. Taja dhambi yako. Ya mwenzako mwachie aitaje mwenyewe.

Kosa likiwa la jinai, kanisa linaweza kulimaliza kimyakimya?

Hapana. Aliyembaka mtu, aliyemdhuru mtoto au aliyeua hawezi kusema ametubu huku akiomba kufichwa. Inapohusu mtoto, wazazi na wazee wa kanisa wanaosema "tuyamalize nyumbani" wanashiriki dhambi hiyo. Wajibu wao ni kumlinda mtoto kwanza na kufikisha habari polisi na kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Kanisa linaweza kumtembelea mkosaji gerezani na kumwombea, na lifanye hivyo kwa bidii, lakini lisimzibie njia ya kwenda mahakamani. Mwivi aliyesulubiwa pamoja na Yesu alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, na ahadi ya peponi ilimkuta akiwa bado msalabani.

Niliyemkosea amekufa, au simjui. Nitatengenezaje?

Torati ililiona swali hili mapema. Hesabu 5:8 inaeleza kwamba kama mtu hana jamaa wa karibu wa kulipwa, malipo hayo ni ya Bwana. Kwa hiyo tafuta kwanza wajane na watoto wa marehemu, ukalipe kwao. Usipopata mtu, wape maskini, nawe usitangaze kwamba ni sadaka yako, kwa kuwa fedha hizo hazikuwa zako.

Ndugu mmoja aliyekuwa na duka la rejareja aliuza sukari na chumvi kwa miaka sita akitumia mizani iliyokuwa na sarafu iliyogandishwa kwa nta chini ya sahani ya kupimia. Alipookoka aliibandua sarafu ile, akaja nayo ushirikani ndani ya karatasi ya daftari, akaifungua juu ya meza. Ilikuwa nyeusi kwa vumbi, na nta bado imeshika ukingo mmoja. Hakuweza kuwajua wote waliopunjwa, kwa sababu ni kijiji kizima pamoja na wapita njia. Aliwaeleza wateja waliokuwa wakija dukani, mmoja mmoja, wengine wakacheka, wengine wakahama duka, kisha akakadiria hasara aliyowasababishia watu na kuilipa kidogo kidogo kwa kuwapa wajane wa kijiji vyakula hadi mwaka wa tatu. Duka lilikaribia kufa. Hatukumwambia kwamba Bwana atalistawisha maradufu, kwa sababu Bwana hakuahidi hivyo.

Vipi kuhusu fedha zilizoingia kwenye simu yangu kimakosa, umeme niliouunganisha kinyemela au cheti cha kughushi?

Fedha za simu zirudishwe leo, kupitia kampuni yenyewe ili usitapeliwe, wala usiziite muujiza. Umeme ukaunganishwe kihalali na deni lake lilipwe. Cheti ni kigumu zaidi kwa sababu kinabeba mkate wa watoto, lakini hatuna njia ya kukibariki. Tafuta ushauri wa kisheria na wa kiroho, kisha utoke kwenye uongo huo kabla haujatolewa kwa nguvu.

Ninatubu na kuanguka katika dhambi ileile. Je, Mungu amenichoka?

Mithali 24:16 inasema kwamba mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena, na 1 Yohana 1:9 inaahidi kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Waraka huo uliandikwa kwa watu waliokuwa tayari wameamini. Ndiyo maana wazee wetu hawakusema "nilitubu mwaka fulani" na kuishia hapo. Katika ushuhuda walisimulia jinsi Bwana alivyowaonya wiki hii, labda kwa neno kali walilomwambia mke asubuhi, na wengine wakaitikia kwa wimbo wa Kiganda wa kumsifu Mwana-Kondoo. Kutembea nuruni, kwao, kulikuwa ni kutoruhusu jambo lilale.

Lakini kuanguka ni tofauti na kujenga nyumba pale ulipoangukia. Paulo anauliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi, na anajibu, "Hasha!" (Warumi 6:1-2). Kama kilabu cha pombe kiko kwenye njia yako ya kurudi nyumbani, toba yako inaanza kwa kubadili njia, hata ikiwa ndefu. Kama ni picha chafu za kwenye simu, mpe mwenzi wako au ndugu unayemwamini ruhusa ya kuifungua simu yako saa yoyote. Dhambi inayorudi kila mara karibu daima ni dhambi ambayo hakuna mtu mwingine anayeijua.

Nisomeje Maandiko ili yaniongoze kweli?

"Neno lako ni taa ya miguu yangu, Na mwanga wa njia yangu" (Zaburi 119:105). Waliowahi kutembea usiku na koroboi wanaelewa: mwanga wake haufiki mwisho wa kijiji, unafika pale utakapokanyaga. Basi usiitafutie Biblia majibu ya miaka kumi ijayo. Soma kitabu kizima kwa mfululizo, kwa mfano Injili ya Marko yenye sura 16, sura moja kwa siku, na kila unapofunga ujiulize kuna neno gani la kutii leo. Ulitende kabla hujasoma sura inayofuata. Tabia ya kufumba macho, kufungua ukurasa wowote na kuweka kidole tunaikataa, kwa kuwa inalifanya Neno kuwa ramli. Tunawasihi pia wasomaji wasilisome Neno kwa niaba ya majirani. Fungu likikukumbusha kosa la shemeji yako, lisome tena hadi likukumbushe la kwako.

Uamsho ulianzia Rwanda. Iweje mwaka 1994 nchi hiyo ikaangamia?

Swali hili huulizwa na vijana, na wazee wengi hulikwepa. Hatupaswi kulikwepa. Kwa takriban siku mia moja kuanzia Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi, waliuawa katika nchi iliyojaa Wakristo waliobatizwa, na wengi wao waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Kule Nyamata alikuwa amehudumu Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Uamsho aliyeuawa katika ghasia za mwaka 1964, miaka thelathini kabla. Ardhi ileile ilizaa shahidi na ilizaa wauaji.

Jibu langu, nalitoa kwa hofu, ni kwamba tulijifunza kuungama dhambi tulizokubali kuziita dhambi. Tuliungama pombe, wizi wa kuku, uzinzi, hasira ndani ya nyumba. Chuki ya kabila, ambayo ilikuwa imeandikwa hadi kwenye vitambulisho, wengi hawakuileta nuruni kwa sababu ilionekana kuwa ni siasa, na ushirika hauingilii siasa. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha wapigania uhuru wa Mau Mau na vilevile walikataa kubeba bunduki za serikali ya kikoloni, wakisema damu ya Yesu imewafanya kuwa wa ukoo mmoja. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Nchini Rwanda pia walikuwapo waliowaficha jirani zao na kufa nao. Lakini dhambi isiyotajwa haitengenezwi, nayo ilikomaa gizani.

Mnamo Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ushiriki wa waumini wao, na Machi 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mauaji hayo. Wapo walioona kwamba maneno hayo yalichelewa, na yalichelewa kweli. Sisi wa huku tusinyooshe kidole. Tuulizane ni vicheko gani vya kikabila vinavyopita mezani kwetu bila mtu kuungama.

Je, ni lazima nimsamehe aliyenitenda ubaya mkubwa?

Bwana ameliagiza, nasi hatuwezi kulipunguza. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, na rafiki yake Askofu Festo Kivengere, mwana wa Uamsho kutoka Kigezi, akakimbilia Rwanda kwa miguu. Akiwa uhamishoni alikiri kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimkausha, na alitangaza hadharani kwamba amemsamehe. Hata hivyo, hakurudi kuishi Uganda hadi Amin alipoondolewa mwaka 1979. Mke anayepigwa aufahamu mfano huo: anaweza kumsamehe mumewe na bado akalala kwa wazazi wake, na mume anayesema ametubu atengeneze kwa muda mrefu kabla hajadai mke arudi.

Nikienda kutengeneza, naye akakataa kunipokea?

Wajibu wako ni kwenda, kusema ukweli bila kujitetea, na kulipa. Kupokea ni kwake, na huna haki ya kumharakisha.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba alinichukua jioni moja kwenda kwa jirani tuliyekuwa hatusalimiani naye. Alibeba jembe. Lilikuwa la jirani yule, alilichukua shambani msimu wa kahawa miaka minne nyuma, na alikuwa ameapa mbele ya balozi kwamba halijui. Alilitia mpini mpya wa mti mgumu na kulisugua hadi chuma kikang'aa. Mzee yule alitukuta uani. Baba alisema, "Mzee wangu, hili ni jembe lako. Nililiiba, na niliapa uongo. Nisamehe." Mzee alilipokea, akaupitisha mkono kwenye mpini taratibu kutoka juu hadi chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Hatukukaribishwa hata kukaa. Njiani nilimwuliza baba kama tumesamehewa, akaniambia kwamba yeye alikwenda kurudisha jembe.

Ulipita mwaka na miezi. Siku ya mazishi ya bibi yangu, mzee yule alifika alfajiri kabla ya watu wote, akiwa na jembe lile begani, akaenda moja kwa moja mahali palipokuwa pamepimwa, akaanza kuchimba kaburi.